Shamba la Kujaribia: Kutoka Karanga za Kongwa Hata Kompyuta za Leo

  Mwenye daftari alifungue, na asiyeona vizuri asogee karibu na taa. Maneno ya somo hili yamepigwa chapa ili ninyi mliosikiliza redioni mpate kuyasoma tena polepole pamoja na mwalimu wenu.

Leo tutazungumza juu ya swali moja tu. Mtu akikuletea kitu kipya, ambacho bado hakijamaliza kujaribiwa, utakipokeaje bila kuumia? Na yule anayekileta, ana wajibu gani kwako?

Swali hili si geni kwako. Fikiri jinsi unavyofanya unapoletewa mbegu usiyoijua. Mtu wa Dodoma mwenye busara hang'oi mtama wake na uwele wake wote ili apande mbegu ya mgeni. Huitengea kipande kidogo pembeni ya shamba. Mvua zikipita huiangalia: imestahimili jua? Ndege wameishambulia? Unga wake unasongeka? Ikiwa nzuri, mwaka wa pili huongeza kipande. Ikiwa mbaya, amepoteza vibaba vichache vya mbegu, lakini ghala lake halikuguswa. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako mkuukuu. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, lakini unapita tu mikononi mwa mwenyewe. Ukitupa ule wa kwako kwa kutamani ule unaopita, utalala chini.

Basi tutazame mambo mawili ya kweli. La kwanza lilitukia hapa hapa katika nchi yetu ya kati, mahali ambapo kipande cha kujaribia hakikutengwa. La pili ni la siku hizi, nalo ni la watu wa kompyuta, ambao walijifunza kukitenga.

KARANGA ZA KONGWA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa na dhiki ya chakula. Mafuta ya kupikia yaligawiwa kwa kipimo. Tangu Julai 1946 hata mkate uligawiwa kwa kipimo, jambo ambalo halikufanyika wakati wa vita vyenyewe. Tukumbuke hayo, maana waliopanga mambo ya Kongwa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na haja ya kweli, na haja ilizaa haraka.

Mwezi wa Machi 1946, Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali ya Uingereza shauri hili: katika Afrika ya Mashariki kuna nchi kubwa yenye vichaka, watu wake ni wachache, ifyekwe kwa mashine, ipandwe karanga, na mafuta yapelekwe Uingereza. Serikali ikatuma watu watatu kuja kuangalia. Kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, ambaye zamani alikuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Walizunguka kwa majuma tisa, na safari nyingi walizifanya kwa ndege. Kisha wakaandika taarifa yao.

Sikiliza hesabu waliyoitoa. Mashamba 107, na kila shamba moja ekari 30,000. Jumla yake ni ekari 3,210,000. Katika hayo, mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Mwanafunzi, chukua kalamu yako uzidishe 107 kwa 30,000, uone mwenyewe ukubwa wa jambo hili.

Mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Kazi ilianza mwaka 1947. Mwaka huo wa kwanza peke yake walikusudia kulima ekari 150,000.

Sasa twaja kwenye kiini cha habari. Kilimo cha mashine kwa ukubwa huo, juu ya udongo ule na chini ya mvua ile, kilikuwa hakijapata kufanywa. Hata hivyo hapakutangulia shamba dogo la kujaribia. Hapakuwa na ekari mia tano za kuangalia kwa misimu mitatu. Walioona ni afadhali kuanza kidogo walijibiwa kwamba hakuna wakati. Watu wana haja ya mafuta sasa.

Je, nini kilitokea?

Kwanza, vichaka vya Kongwa vilikuwa vigumu kuliko walivyodhani. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa makuukuu yaliyosalia vitani, mengine yamenunuliwa mbali kule Ufilipino. Yaliharibika upesi, na vipuri havikuwako. Baadaye vikaletwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, navyo havikufaa. Wakafunga minyororo ya nanga za meli kati ya makatapila mawili, wakaikokota porini ili iangushe miti. Miti ilianguka, lakini mizizi ilibaki chini, ikavunja majembe.

Pili, udongo. Ninyi wakulima mnajua tabia ya karanga. Ua lake huchanua juu, kisha kikonyo hushuka na kujichimbia ardhini, na karanga hukua humo chini. Kwa hiyo karanga hutaka udongo mwepesi, wakati wa kukua na wakati wa kung'olewa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali. Mvua ikinyesha hulainika, lakini jua likiupiga hukakamaa kama tofali. Karanga zikanaswa humo ndani, na mashine hazikuweza kuzitoa. Ule mchanga nao ukala vyuma vya majembe kama tupa.

Tatu, mvua. Nchi yetu hii hupata mvua za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Lakini wastani hauwezi kupikwa ukaliwa. Mwaka mmoja mvua huja nyingi, mwaka wa pili hukatika katikati. Wagogo walilijua hilo kwa uchungu. Walikuwa wangali wanaikumbuka njaa kubwa ya mwaka 1917 hata 1920, waliyoiita Mtunya. Ndiyo sababu walipanda mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Ndiyo sababu pia waliwaweka baadhi ya ng'ombe wao kwa jamaa na marafiki wa mahali pengine, ili balaa ya mahali pamoja isiwamalize wote. Karanga walizijua, lakini walizilima katika vipande vidogo. Hayo yote yalikuwa ni majaribio ya miaka mingi, ingawa hayakuandikwa katika taarifa yoyote.

Nne, watu. Maelfu waliacha mashamba yao wakaenda kutafuta mshahara Kongwa. Mwaka 1947 mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulisafiri bara kwa njia ya reli, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakagoma. Mpango ulipofifia, mshahara nao ulikwisha, na aliyeacha shamba lake alirudi akalikuta limeota magugu.

Mwishoni mwa mwaka ule wa kwanza zilikuwa zimetayarishwa na kupandwa ekari 7,500 hivi, badala ya 150,000. Kazi iliendelea hata hivyo, na mashamba mengine yakafunguliwa Urambo na Nachingwea. Kongwa wakajaribu na alizeti, lakini ukame ukaziharibu. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36 na zaidi.

Sasa sikiliza jambo la kustaajabisha. Kilichoamuliwa mwaka 1951 kilikuwa nini? Kwamba kazi itakayobaki ipunguzwe, iwe ni ya majaribio, ili ijulikane kama kilimo cha mashine chaweza kulipa katika nchi hizi. Yaani shamba la kujaribia lilikuja mwisho, baada ya fedha kwisha, na lilipasa kuja mwanzo. Sehemu kubwa ya nchi ile ikageuzwa kuwa malisho, na mpaka leo Kongwa inajulikana kwa ranchi yake ya ng'ombe. Na alizeti, iliyoshindwa wakati ule ilipolazimishwa kwa haraka, leo ni zao kubwa la wakulima wa Dodoma na Singida. Mmea ule ule, nchi ile ile. Namna ya kuuingiza ndiyo iliyokuwa mbalimbali. Mkulima mmoja mmoja aliujaribu kwa kipimo chake mwenyewe.

MKALIMANI NDANI YA KOMPYUTA

Sasa tuache shamba, tuingie katika chumba cha kompyuta. Huenda utauliza, mambo haya yanahusiana vipi? Ngoja kidogo utaona. Siku hizi kompyuta ziko mashuleni, maofisini na katika vyuo vya Dodoma. Mwanao anaitumia, na wewe pia waweza kuitumia kesho. Na katika kompyuta, kitu kipya kisichomaliza kujaribiwa huletwa karibu kila juma.

Ndani ya kompyuta mna kifaa kinachochora maandishi na picha unazoziona kwenye kioo. Kifaa hicho kina lugha yake, na kompyuta yenyewe ina lugha yake. Hapana budi awepo mkalimani kati yao. Mkalimani huyo ni programu ndogo inayoitwa kiendeshi. Akiwa mzuri, picha hutokea safi. Akikosea, kioo huwa cheusi.

Fikiri juu ya hatari hii, maana si kama hatari nyingine. Programu ya kuandikia barua ikiharibika, bado waona kioo na waweza kusoma namna ya kuitengeneza. Lakini kiendeshi cha picha kikiharibika, hata yale maelezo ya kutengeneza huyaoni. Ni kama mtu aliyezimikiwa na taa usiku, naye ana barua mkononi inayoeleza jinsi ya kuiwasha.

Iko namna moja ya mfumo wa kompyuta inayoitwa Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika nchi ya Ufini. Mfumo huu hutolewa bure, na watu wa mataifa mengi huushonea viraka na kuutengeneza pamoja. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika ya Kusini, alianzisha aina yake moja kwa ajili ya watu wa kawaida, akaiita Ubuntu. Neno hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa neno letu utu.

Watu wa Ubuntu walikuwa na desturi ya kuwapa watumiaji viendeshi vilivyokwisha kujaribiwa. Hiyo ni salama, lakini ina upungufu wake: kilichojaribiwa sana aghalabu si kipya. Mwaka 2012 kampuni ya Valve ya Marekani, inayouza michezo ya kompyuta, ilianza kuileta michezo yake kwenye Linux. Michezo hiyo ilitaka viendeshi vipya vya kampuni ya Nvidia, na vipya hivyo vilikuwa bado katika majaribio.

Waungwana, hapa ndipo penye njia panda ile ile ya Kongwa. Watu wana haja, nao wana haraka. Kuwanyima kitu kipya kabisa hakukufaa, kwa sababu wengi walikwenda kukichukua wenyewe kwa mtengenezaji na kukibandika kwa mkono. Kisha siku kiini cha mfumo kilipobadilishwa, kile kilichobandikwa kwa mkono kikashindwa kuelewana nacho, na kioo kikawa cheusi. Na kumpa kila mtu kitu kipya kwa lazima pia hakukufaa. Hayo yangekuwa ni ekari 3,210,000 tena.

Walifanyaje basi? Walitenga kipande. Viendeshi vipya viliwekwa kando ya vile vya zamani, na katika jina lenyewe likatiwa neno la kusema kwamba hiki ni cha majaribio. Cha zamani hakikuondolewa. Aliyetaka alichagua, na asiyetaka hakuguswa. Mwaka 2015 wakaenda mbele zaidi, wakafungua ghala la pekee la viendeshi vipya. Ghala hilo halikufunguka lenyewe katika kompyuta ya mtu. Mwenye kulitaka ilimpasa alifungue kwa amri yake, akijua kwamba vilivyomo vingali katika majaribio. Kikimshinda, iko programu ya kumrudisha kwenye vile vya kwanza. Na mwenye kompyuta akiiwasha, anaweza kuchagua kiini cha zamani kilichohifadhiwa, au kuingia kwa njia ya matengenezo.

Hata vitu vinavyotolewa kwa watu wote hupitia ungo. Kitu kinachorekebishwa hukaa mahali pa majaribio siku saba kwa uchache. Baadaye, kinapotoka, kwa kawaida hupewa kwanza kama watu kumi katika kila mia moja. Kompyuta zao zikileta habari za kuharibika, kazi husimamishwa. Zikinyamaza, hupewa ishirini, kisha thelathini, hata kuwafikia wote.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Ndugu mwanafunzi, tuyaweke mambo haya mawili pamoja, shamba la Kongwa na kiendeshi cha kompyuta. Twaona mambo manne.

La kwanza: cha zamani kibaki. Jipya liwekwe kando yake, si mahali pake. Kiendeshi cha zamani kilihifadhiwa. Kule Kongwa vichaka vilikuwa vimekwisha ng'olewa kabla haijajulikana kama karanga zitang'oka.

La pili: jina liwe la kweli. Kitu cha majaribio kiitwe cha majaribio, na anayekipokea akubali kwa kujua. Wafanyakazi wa Kongwa na walipa kodi wa Uingereza waliambiwa huu ni mpango. Hawakuambiwa ni jaribio, nalo lilikuwa jaribio tangu siku ya kwanza.

La tatu: anza na wachache. Kosa katika watu kumi ni funzo. Kosa lile lile katika watu milioni ni msiba. Haraka haipunguzi haja ya kuanza kidogo, bali huizidisha, maana mwenye haraka hana wakati wa kutengeneza makosa makubwa.

La nne: iwepo njia ya kurudi, na habari ziwe na njia ya kurudi. Anayejaribu aweze kurudi alikotoka, na anayoyaona yamfikie mwenye kitu, naye asikilize. Jaribio ambalo matokeo yake hayasikilizwi si jaribio. Udongo wa Kongwa ulisema mapema, na mvua ilisema, lakini mashine ziliendelea kuja.

Usinielewe vibaya. Sisemi ukatae kila kipya. Anayekataa kila mbegu mpya naye hupata hasara yake, pole pole, bila kelele. Nasema kwamba wewe unayeletewa kitu kipya una haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kukubali: Je, changu cha zamani kitabaki? Je, kitu hiki kimejaribiwa, au mimi ndiye wa kukijaribu? Wameanza na nani? Na kikinishinda, nitarudije? Uyaulize hayo kwa muuza mbegu, kwa muuza dawa ya mifugo, kwa mtu anayetaka kuibadilisha simu yako, na hata kwa afisa wa serikali kama mimi. Afisa mwenye kazi njema hatakasirika. Atakujibu, au atasema, ngoja nikaulize.

Na kama kituo chenu kina kompyuta kumi zenye mfumo wa Linux, na mtu amekuja na kiendeshi kipya, fanyeni hivi. Andikeni kwanza katika daftari jina na namba ya kiendeshi kilichopo. Hifadhini kazi za wanafunzi mahali pengine. Chagueni kompyuta moja, isiwe ile yenye hesabu za kituo. Wekeni kiendeshi kipya katika hiyo moja. Jifunzeni njia ya kurudi kabla ya kuihitaji, mkaiandike kwenye karatasi, maana kioo kikizima hakuna kompyuta itakayowasomea. Itumieni juma zima. Kikiwa chema, wekeni katika ya pili na ya tatu. Kompyuta moja ikiwa imezima, darasa litaendelea na tisa.

Kwa hayo nafunga somo la leo. Mkipita Kongwa, tazameni pande zote mbili za barabara, mkumbuke kwamba kipande kimoja kidogo cha shamba, kama kingalitengwa mwaka 1946, kingaliwaambia watu habari zote za mahali pale kwa bei ya mbegu na misimu michache ya kungoja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja yalikuwa jumla ya ekari ngapi? Katika mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari ngapi, na zilipandwa ngapi?

2. Kwa nini karanga hazikufaa katika udongo wa Kongwa wakati wa jua? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

3. Kwa nini kuharibika kwa kiendeshi cha picha ni kugumu kutengeneza kuliko kuharibika kwa programu nyingine?

4. Taja kitu kipya kimoja kilicholetwa kijijini au mtaani kwenu. Je, kilijaribiwa kwanza? Nani alikijaribu, na je, aliambiwa kwamba anakijaribu?

5. Andika sentensi tatu juu ya methali hii: usiache mbachao kwa msala upitao.